Gulu 2000: daktari tunamkumbuka, na wale wengine je?

MwanaKambi_Gulu

Wadau, salaam kutoka Gulu, kaskazini mwa Uganda. Naandika kwa Kiswahili kwa sababu ndiyo lugha niliyokulia kambini, na kwa sababu jambo lenyewe si la Waacholi peke yao.

Kila tarehe 5 Desemba huku kwetu hutajwa jina la Dkt. Matthew Lukwiya, aliyekufa siku hiyo mwaka 2000 kwa Ebola, na ni haki litajwe. Kwa wasiomjua: ni mtoto wa Kitgum, baba yake muuza samaki aliyekufa maji yeye akiwa bado mdogo, mama yake mchuuzi. Alisoma hadi udaktari, akaingia Hospitali ya Mtakatifu Maria Lacor mwaka 1983. Hospitali hiyo ilijengwa na wamisionari wa Komboni, na tangu 1961 walioishika ni mume na mke, Piero Corti wa Italia na Lucille Teasdale wa Kanada. Ijumaa Kuu ya 1989 waasi walikuja kuwachukua masista. Lukwiya akasema mnichukue mimi. Wakamtembeza porini karibu wiki nzima. Baadaye alikwenda Liverpool kusomea magonjwa ya nchi za joto, akafaulu kuliko wenzake, akapewa nafasi ya kubaki kule afundishe. Akarudi Lacor, kwenye vita, kwenye hospitali ambayo maelfu ya watu walikuwa wakikimbilia kulala ndani ya ukuta wake kila jua likizama.

Oktoba 2000 alikuwa Kampala, masomoni Makerere. Akapigiwa simu kwamba wanafunzi wa uuguzi wanakufa na hakuna anayeelewa ni nini. Akarudi, akakesha akisoma mafaili ya wagonjwa, na kabla majibu ya damu hayajarudi kutoka maabara ya Johannesburg tayari alikuwa ametenga wodi. Majibu yakaja: Ebola, ile aina ya Sudan. Hadi mlipuko ulipotangazwa kwisha Februari 2001 waliougua walikuwa 425, waliokufa 224.

Mwezi Novemba wahudumu walikuwa wanakufa mfululizo. Waliobaki wakakusanyika, wamechoka, wana hasira, wengine wanataka hospitali ifungwe. Akakaa nao akawasikiliza. Akawaambia anayetaka kuondoka aondoke kwa amani, yeye anabaki. Wengi wakabaki naye. Usiku mmoja nesi mmoja wa kiume, mgonjwa, hoi, akinyanyuka kitandani huku damu ikimtoka, alihitaji mtu wa kumshika. Daktari akavaa haraka haraka, barakoa, gauni, glavu, lakini macho hayakuwa na kinga. Inaaminika ni hapo alipoambukizwa. Alizikwa ndani ya uwanja wa hospitali, kando ya kaburi la Dkt. Lucille.

Hayo wengi mnayajua. Ninalotaka tulizungumze ni hili: Lacor peke yake ilipoteza watumishi 13, naye ni mmoja wao. Ukiniuliza nikutajie wale 12, nitakutajia wachache. Ukiuliza kijana wa sekondari hapa mjini, hata mmoja hakutajii. Na hao ni wale waliokuwa kwenye orodha ya mishahara. Aliyepiga deki wodi ile? Aliyebeba maiti hadi kaburini? Yule mwanamke wa kijijini aliyemnywesha uji jirani yake kwa sababu hakuna mwingine aliyethubutu kuingia ndani, kisha akafa yeye?

Nataka Desemba ijayo tuwe na majina. Yote tutakayoyapata, yasomwe kwa sauti mbele za watu, hapa hapa Gulu. Nimeshaongea na mwenyekiti wetu wa LC1 (baraza la kijiji) na katekista mmoja, hawana kipingamizi. Naomba mawazo yenu kabla hatujafika mbali.

---

Kapuku_Busia

Mungu awalaze pema wote. Mleta uzi umegusa pabaya. Nakaa hapa kusoma.

---

Nesi_Koboko

Kaka, hoja yako naiheshimu, ila mimi ni muuguzi na neno shujaa huwa linanitia wasiwasi. Naomba nieleze.

Watu wakisikia kifo cha nesi wanasema alijitolea. Sawa, alijitolea. Lakini kuna siku muuguzi hakujitolea, alitolewa. Alipangwa zamu, stoo haina glavu za kutosha, gauni moja linavuliwa na huyu linavaliwa na yule, na mkuu wake anamwambia uuguzi ni wito. Nimefanya kazi mahali pa namna hiyo, sitapataja. Kifo cha mtu wa hivyo ukikifunika kwa nishani na kwaya, aliyeacha stoo tupu analala usingizi mzuri.

Lukwiya mwenyewe hakuwa mtu wa kutegemea ujasiri. Angalieni alichofanya wiki ile ya kwanza. Alitenga wodi, akafuata mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa homa za kutoka damu, akapiga simu Kampala na kubana hadi akasikilizwa. Huo ni utaratibu, na utaratibu ndio uliookoa watu wengi kuliko kifua mbele. Yeye mwenyewe aliangushwa na dakika moja ya usiku ambayo utaratibu ulishindwa kwenda sambamba na huruma. Mimi namlilia kwa hilo hadi leo, kwa sababu najua ningefanya vile vile.

Na umemtaja mpiga deki. Ahsante sana kwa hilo. Wasiojua kazi ya wodi ya Ebola wanadhani anayehatarika ni daktari. Daktari anaingia, anaangalia, anatoka. Nesi anakaa saa nzima anageuza mgonjwa. Mpiga deki ndiye anayeshika kila kilichotoka mwilini mwa mgonjwa. Anachanganya klorini, kali ya asilimia 0.5 kwa sakafu, vitanda na maiti, hafifu ya 0.05 kwa mikono, akikosea ndoo ama anaungua ngozi ama hajaua kitu. Kisha anatoka, anaanza kuvua. Kuvua ndiko kunakoua. Umechoka, jasho linakuingia machoni, unataka kujifuta uso, na mkono wako una glavu iliyotoka kushika shuka. Kwa hiyo kuna mwenzako anasimama pembeni anakuambia polepole: sasa glavu ya juu, nawa, sasa gauni, nawa. Huyo anayesimama kukuhesabia hatua ana mshahara mdogo kuliko wote pale, na uhai wako uko mdomoni mwake.

Majina yasomwe, siwapingi. Ila siku hiyo hiyo mtu aulize kwa sauti stoo ya kituo cha afya cha hapo mtaani ina glavu ngapi.

---

MwanaKambi_Gulu

Dada Nesi, hilo la stoo naliandika sasa hivi. Mwenyekiti wa kamati ya kituo cha afya atakuwepo siku hiyo, ataulizwa mbele za watu.

---

Mzee_wa_Bombo

Assalaam alaykum wanangu. Sisi Wanubi tumezika watu wengi wa vita na wa maradhi, niruhusuni niseme kidogo.

Katika dini yetu Mtume, rehema na amani zimshukie, alifundisha kwamba anayekufa kwa tauni huku amevumilia, akitaraji malipo kwa Mola wake, ana daraja ya shahidi. Na alikataza mtu kuingia mji wenye tauni, na aliyemo asiutoke akiikimbia. Basi mwanadamu aliyekaa ndani ya mji ule kwa ajili ya kuhudumia wenzake, sina haja ya serikali kuniambia ni nani.

Ninalotaka kulisemea ni mazishi. Gulu mwaka ule maiti nyingi zilizikwa karibu na uwanja wa ndege, ndani ya mifuko, na watu waliovaa kama wanaokwenda mwezini, jamaa wengine wala hawakuwapo. Kwa Mwacholi, mtu wake anazikwa nyumbani, uani, kaburi analipita kila asubuhi akienda kisimani. Kwa Mwislamu, maiti ataoshwa, atakafiniwa, ataswaliwa. Watu walinyang'anywa hayo yote kwa siku moja. Mwaka 2022 kule Kassanda, wakati wa mlipuko wa Mubende, walifukua maiti ili wamfanyie ibada inayostahili, na maradhi yakawaingia. Msiwacheke. Walikuwa wanamheshimu mtu wao.

Wanazuoni wameliweka wazi: maji yakiwa hatari kuna tayamamu, yaani kutwaharisha kwa udongo safi, na tayamamu nayo ikishindikana, anaswaliwa kama alivyo, dini haikumbebesha mtu asichokiweza. Lakini hilo lazima mtu wa dini alisimamie pale pale kaburini, aonekane, jamaa wasimame kwa mbali waone kwamba maiti yao haikutupwa. Wale vijana wa Msalaba Mwekundu waliojifunza kuzika hivyo, kwa upole, wakimsubiri padri au imamu amalize, hao kwangu ni wakubwa. Wanakwenda kijiji kinachowachukia, wamebeba jeneza la mtu wasiyemjua.

Kwa hiyo mwanangu wa kambini, siku yako ya majina usiifanye hospitalini tu. Watu waende na kule uwanja wa ndege wakawaombee. Kila mtu kwa dini yake.

---

Kijana_Rwenzori

Naomba tusisahau magharibi. Bundibugyo 2007 ulikuja Ebola wa aina ambayo dunia ilikuwa haijawahi kuiona, hadi leo kirusi kinaitwa kwa jina la wilaya yetu. Dkt. Jonah Kule alikufa nao Desemba ile ile, akiwa amehudumia wagonjwa kabla hata haijajulikana ni nini. Nendeni Kampala muulize wanafunzi wa udaktari kama wanamjua. Wachache sana.

Na jingine, ingawa linaweza kuwaudhi baadhi. Juni 2023 Mpondwe, usiku, waliuawa watu 42 na kati yao 37 ni wanafunzi wa shule ya sekondari ya Lhubiriha. Baada ya mazishi kila kiongozi aliyeshika kipaza sauti aliwaita mashujaa. Mimi nilikuwa pale na nilikataa moyoni. Wale ni watoto waliokuwa wamelala. Hawakuchagua kitu. Ukimwita mtoto aliyechomwa bwenini shujaa, unampunguzia mzigo aliyepaswa kumlinda. Waitwe watoto wetu, walindwe waliobaki, inatosha.

Shujaa ni yule aliyekuwa na mlango wa kutokea akabaki ndani. Lukwiya alikuwa nao, Kule alikuwa nao. Mwanamke wa uji aliyemtaja mleta uzi alikuwa nao pia, hatua tatu tu hadi kwake. Kwenye orodha yenu tenganisheni. Wote waombewe, ila msiwachanganye.

---

Mama_Kisenyi

Kijana Rwenzori, pole kwa msiba wa kwenu, ule uliliza nchi nzima. Ila mwanangu, mzazi wa mtoto yule akitaka kumwita shujaa, mwache amwite.

---

Kijana_Rwenzori

Mama, mzazi ana ruhusa yote. Nawasema wenye vipaza sauti.

---

Mtanga_Kampala

Mimi ni Mtanzania, nasoma huku. Naomba niongeze jina moja ambalo ndugu zangu wa nyumbani wanapaswa kulibeba: Dkt. Mohammed Ali. Alikuwa Mtanzania, anasomea upasuaji Chuo Kikuu cha Kimataifa cha Kampala. Septemba 2022 Ebola ya Sudan ilipozuka Mubende, yeye na wenzake walikuwa wakihudumia wagonjwa kama kawaida ya wanafunzi wa ngazi ile. Alifia Fort Portal tarehe 1 Oktoba 2022, umri miaka 37, akiwa daktari wa kwanza kufa katika mlipuko ule. Hadi ulipotangazwa kwisha Januari 2023, wahudumu wa afya 19 walikuwa wameambukizwa na 7 wamefariki.

Alikuja kutafuta elimu ya kupeleka kwao, akafa akitibu Waganda. Watu wa Uganda mliompoteza Lukwiya mnajua kaburi lake liko wapi na mnaweza kulitembelea. Naomba kwenye siku yenu huyu naye atajwe, ingawa si wa Gulu na si wa mwaka ule. Virusi ni vile vile vya aina ya Sudan.

---

Binti_Pece

Nimesoma tangu juzi, nikifunga, nikifungua tena. Niacheni niandike kwa kirefu kidogo.

Mama yangu hakuwa nesi. Alikuwa anauza dagaa na nyanya sokoni. Jirani yetu alipougua, mumewe akiwa ameshakufa, watoto wake walikuwa wanalia nje, mama aliingia. Ile nyumba ilikuwa tayari imewekewa alama. Wazee wa Kiacholi wana utaratibu wao wa zamani kabisa kwa maradhi ya aina ile, wanayaita gemo: mgonjwa anawekwa nyumba ya peke yake mbali na wengine, mlangoni zinasimamishwa nguzo mbili za matete ili mgeni asiingie, anayemhudumia ni mtu aliyeugua akapona, hakuna ngoma, hakuna kutembeleana, na aliyepona anakaa mwezi mzima kabla ya kurudi kwa watu. Watu wa wizara na wazungu walipofika walishangaa kukuta nusu ya kazi yao bibi zetu walishaifanya.

Mama aliyaona yale matete. Alikuwa hajawahi kuugua, kwa hiyo si yeye aliyepaswa kuingia kwa desturi yetu. Aliyepaswa hakuwepo. Aliingia na mifuko ya plastiki mikononi. Jirani alikufa. Mama akafuata. Watoto wawili wa jirani walipona kabisa, wako hai, mmoja ana duka mjini.

Shangazi alinichukua. Na sasa nawaambia sehemu ambayo uzi huu haujaifikia. Shuleni niliitwa mtoto wa Ebola. Kisimani wanawake walikuwa wananiambia weka mtungi wako pembeni usubiri tumalize. Nguo za mama zilichomwa, godoro, hadi picha zake, sina picha ya mama yangu hata moja. Shangazi aliposumbuliwa sana alianza kuwaambia watu kwamba mama alikufa kwa malaria. Nimekua na uongo huo na umenilinda. Mume wangu anajua. Wakwe zangu hawajui.

Kaka MwanaKambi, unataka kusoma majina kwa sauti. Nimelia kwa furaha kwamba kuna mtu amemfikiria mwanamke wa uji, maana huyo ni mama yangu kabisa. Lakini usimsome. Sijui kama umewahi kufikiri kwamba kuna nyumba ambazo zimejengwa juu ya kunyamaza.

---

Nesi_Koboko

Dada, nimesimamisha kila kitu kusoma ulichoandika. Mama yako aliingia na mifuko ya plastiki. Mungu wangu. Pole sana.

---

Hoja_Makindye

Poleni sana dada Binti Pece. Ila naomba nitoe hoja tofauti, kwa heshima. Nchi hii ina Siku ya Mashujaa, 9 Juni. Chimbuko lake ni vita vya msituni, Edidian Luttamaguzi aliuawa tarehe hiyo mwaka 1981 kule Kikandwa kwa kukataa kutoboa siri ya wapiganaji walikojificha. Mtu wa kawaida, mkulima, aliyekufa ili wengine wasife. Sasa tofauti yake na mama yako ni ipi? Mimi nasema tupeleke majina serikalini, hawa watambuliwe rasmi siku ile. Tukiendelea kuficha, wale waliomsukuma mtoto kisimani wanakuwa wameshinda. Ukimya ni ushindi wao.

---

Binti_Pece

Ndugu Hoja, wewe utakuwa Makindye siku jina litakaposomwa. Mimi nitakuwa hapa, na wanangu wanasoma shule ya hapa.

---

Mnusurika_Kamdini

Mimi niliugua mwaka ule nikapona. Nilitoka wodini na cheti kinachosema siambukizi mtu. Nilikifunga kwenye nailoni nikakitembeza kama kitambulisho, kwa mwenyekiti, kwa kanisa, kwa mke wangu. Nyumba yangu nilikuta imechomwa. Nilikubali tu, maana hata mimi ningeogopa.

Kwa kuwa kwangu hapakuwa pa kurudi, nilirudi wodini kuhudumia. Niliyepona sikuwa na hofu ile tena. Nilikuwa nawanywesha maji, nawaambia niangalieni mimi, nililala kitanda kile pale. Mgonjwa akimwona mtu aliyepona, macho yake yanabadilika. Wenzangu kadhaa tuliopona tulifanya hivyo na hakuna aliyetulazimisha.

Baadaye watafiti walikuja wakatuchukua damu, wakarudi tena baada ya miaka zaidi ya 10, wakakuta kinga bado imo katika damu ya baadhi yetu. Nilitoa kila mara walipoomba. Januari 2025, Ebola ya Sudan ilipozuka Kampala baada ya yule nesi wa hospitali ya Mulago kufariki, nikasikia kwamba siku nne tu baada ya kutangazwa watu waliokutana na wagonjwa walianza kupewa chanjo ya majaribio. Siku nne. Mwaka wetu hakukuwa na kitu. Nilikaa nikafikiri kwamba kila damu iliyotolewa na watu wa Gulu ilisaidia dunia kuujua ugonjwa huu, na nilijisikia mtu.

Ila macho yangu hayaoni vizuri, viungo vinauma, na wengi wetu ni hivyo. Mkitaka kutuheshimu sisi tuliobaki, tupelekeni kliniki ya macho. Nishani sitaisoma.

Na kwako mwanangu Binti Pece. Mimi ningetaka jina langu lisomwe. Mama yako hawezi kusema, kwa hiyo wewe ndiye mwenye jina lake. Mtu mwingine yeyote asikuamulie, hata akiwa na nia nzuri kama ndugu yetu wa Makindye.

---

Hoja_Makindye

Mzee, nimekusikia. Dada, nimekusikia pia. Hoja ya 9 Juni naibakiza kwa wale ambao jamaa zao watataka wenyewe.

---

Mzee_wa_Bombo

Mwanangu Binti, sadaka bora ni ile mkono wa kushoto usijue wa kulia umetoa nini. Mama yako hakupungukiwa na kitu mbele ya Mola kwa jina lake kutosomwa Gulu. Lakini wale watoto wawili wa jirani, walio hai, mwenye duka: je, wanajua?

---

Binti_Pece

Mzee wangu, mkubwa anajua. Kila Krismasi huleta sukari, sabuni na karo kidogo kwa shangazi, wala hasemi ni ya nini. Mdogo alikuwa mchanga mno, sidhani kama aliambiwa.

---

Mama_Kisenyi

Basi huyo mwenye duka anaheshimu kuliko sisi wote hapa tunaoandika. Anamtunza mama aliyemlea mtoto wa mama aliyemlea yeye. Mambo mengine yanajiendea bila sherehe.

---

MwanaKambi_Gulu

Wadau, nimewasoma wote, baadhi mara mbili. Nimekaa jana jioni na mwenyekiti na katekista, na mama mmoja aliyekuwa mhudumu wa mazishi mwaka ule, tukapanga upya.

Hatutasoma jina lolote ambalo familia haijasema ndiyo. Tutakwenda nyumba kwa nyumba, watu wawili tu, mmoja wao mwanamke, jioni, bila fulana za shirika wala kamera. Tutauliza maswali mawili: mnataka atajwe, na mnahitaji nini. Jibu la pili litaandikwa kwenye daftari tofauti na litakuwa la kwanza kushughulikiwa. Watakaosema hapana, padri atawaombea kwa pamoja bila jina, na katekista amesema sala hiyo ndiyo itakayotangulia, kabla hata ya jina la daktari. Binti Pece, sijui nyumba yenu na sitaitafuta.

Mzee wa Bombo, kule uwanja wa ndege tunahitaji ruhusa, mwenyekiti anaandika barua. Tunaye shekhe wa hapa mjini, amekubali. Mtanga, Dkt. Mohammed Ali atatajwa, na Dkt. Kule, Kijana Rwenzori, pamoja nao. Ukiweza kuja Gulu, malazi yapo kwangu.

Mnusurika wa Kamdini, naomba uniandikie faraghani. Tabibu mmoja wa macho ameniambia yuko tayari kuwaona walionusurika siku moja kila mwezi bila malipo ya kumwona daktari, dawa tutazichangia. Tukikupata wewe tutawapata na wenzako, maana mnajuana.

Dada Nesi, nakuomba jambo moja kubwa. Niandikie orodha ya vitu ambavyo kituo cha afya cha ngazi ya tatu kinapaswa kuwa navyo stoo ili mgonjwa wa kwanza akifika usiku, nesi wa zamu asilazimike kuchagua. Iandike kwa lugha ya mtu wa kawaida, tutaisoma pale pale mbele ya kamati, kitu kimoja kimoja, na wajibu kipo au hakipo.

---

Nesi_Koboko

Naiandika leo baada ya zamu. Naanza na kinga ya macho.